Malalamiko Dhidi ya Njia Rahisi ya Kushona Nanasi

Bi. Ardella Tollefsrud,
Barabara ya Ziwani,
Vestby, Minnesota.
Februari, siku ya upepo.

Kwa Mhariri,
Jarida la Sindano ya Kaskazini.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUFUTWA KWA NJIA RAHISI YA KUSHONA MRABA WA NANASI

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote mlio nao hapo ofisini. Mimi ni mzima, ukiacha goti na hasira. Nakuandikia kwa heshima zote nikiwa msomaji wako tangu jarida hili lilipokuwa karatasi chache zilizobanwa kwa pini, na sijawahi kukusumbua hata mara moja. Mwaka ule mlipochapa picha ya blanketi la Bi. Orpha Lindquist likiwa juu chini, chini juu, tulinyamaza. Sisi si watu wa makelele. Lakini safari hii mmetugusa pabaya, na nimeona nikikaa kimya nitapasuka.

Katika toleo lenu la majira ya vuli, ukurasa wa katikati, mlichapa makala yenye kichwa kisemacho "Njia Rahisi Kuliko Zote ya Kushona Mraba wa Nanasi." Mwandishi wenu hakuweka jina lake, aliweka herufi mbili tu, na sasa naelewa kwa nini alijificha. Aliahidi kwamba mtu yeyote mwenye cherehani na subira ya kawaida ataushona mraba huo bila kutoa machozi. Lalamiko langu ni kwamba alisema kweli.

Kwa faida ya karani atakayefungua barua hii, kama yeye hashoni, nieleze kidogo. Sisi ni akina mama wa Alhamisi wa kanisa la Kilutheri hapa Vestby. Kila majira ya baridi tunashona blanketi moja la viraka, chini ya kanisa, penye meza ndefu na mabomba yanayogugumia, na mwezi Mei blanketi hilo linauzwa kwenye mnada. Mwaka huu tuliamua kushona nanasi. Unaanza na kiraka kidogo katikati, unakizungushia kanda nyembamba za kitambaa, mara pembeni, mara kwenye kona, za giza na za mwanga kwa kupokezana, mpaka mraba wote unatoa miba kama ganda la nanasi. Tunda lenyewe halimo. Baada ya maelezo hayo, naomba sasa niyapange malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Kwamba njia hii ni rahisi.

Sitii chumvi. Mchoro unatolewa fotokopi, kila mstari una namba yake. Unaweka kitambaa chini ya karatasi, unashona juu ya mstari namba moja, unakunjua, unapiga pasi, unapunguza ukingo kwa kisu cha gurudumu bila kuumiza kichwa, unakwenda namba mbili. Mwishoni unaichana karatasi na kuitupa. Kona zinakutana. Mhariri, kona zetu hazijawahi kukutana. Tangu enzi za mama mkwe wangu kona za Vestby zilikuwa zinapishana kama watu wenye ugomvi wa mpaka, na mnunuzi alijua anachonunua. Mwaka huu zimekutana zote, mpaka nikaona haya. Laiti njia yenu ingetushinda, leo ningekuwa nakuandikia barua ya shukrani na kuambatanisha picha.

2. Kwamba njia hii ilichaguliwa kwa kura isiyo halali.

Njia zilizoletwa mezani zilikuwa tatu. Ya kwanza ni yenu ya karatasi. Ya pili ni ya rula maalumu ya plastiki, yenye mistari mingi mpaka inatia kizunguzungu, ambayo Bi. LaVonne Bakke alizawadiwa na mkwewe na hataki aonekane hakuishukuru. Ya tatu ndiyo njia yetu: violezo vya gamba gumu alivyovikata mama mkwe wangu, marehemu Bi. Tollefsrud, kutoka kwenye maboksi ya uji. Kwa njia hiyo kila ukanda unapimwa juu ya kiolezo chake na kukatwa peke yake. Na kwa kuwa violezo vyenyewe vimelika kingo, kila ukanda ukishakatwa inabidi ujadiliwe.

Mimi nilisimama kuitetea njia ya tatu. Aliyenipinga ni wifi yangu, Bi. Marvyl Haugen, dada wa marehemu mume wangu Harlan. Yaani binti wa kuzaa anavikana violezo vya mama yake, na mke wa mwana ndiye anavipigania. Akasema mbele ya mchungaji, "Wifi, mama yangu alikuwa mwanamke mwema, lakini mkasi wake ulikuwa unatembea kilevi. Wewe unapenda mateso tu." Nikamwambia mateso hayo ndiyo yaliyomlea yeye na kaka yake. Akajibu, "Ndiyo, na tazama tulivyotoka." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, isipokuwa kidogo.

Ikabidi tupige kura. Sasa lazima ujue kwamba kwetu hakuna mtu anayesema anachokitaka. Ukimuuliza anapenda ipi, atasema zote nzuri. Ukimbana, atasema ataungana na wengi. Lakini wote wakisubiri kuungana na wengi, hao wengi watatoka wapi? Tulikaa hivyo, tukitazamana na kusogeza vikombe, mpaka kahawa ikapoa.

Hapo ndipo Bi. Orpha alipozinduka. Ana miaka tisini na kitu, na kifaa chake cha sikio hukizima ili asimalize betri. Marvyl akamwinamia akamwambia kwa sauti kubwa, "Bi mkubwa, tunachagua njia rahisi ya nanasi. Wewe unasemaje?" Orpha hakusita hata kidogo. Akasema, "La kopo. Mimi sijawahi kumenya nanasi maishani mwangu na sianzi leo."

Alidhani tunazungumzia saladi ya jeli ya chakula cha Jumapili. Kila mtu alielewa hivyo, mchungaji pia alielewa, maana nilimwona akiuma mdomo. Lakini Marvyl alipiga meza na kusema, "Rahisi. Bi mkubwa amesema rahisi, mmesikia wenyewe." Na kwa kuwa hatimaye alikuwa amepatikana mtu mmoja anayejua anachokitaka, wote wakaungana naye. Jumapili iliyofuata Orpha alileta saladi ya jeli yenye nanasi la kopo, akiamini anatekeleza azimio la kikao. Naomba jarida lako litamke rasmi kama kura iliyopigwa kwa tunda inaweza kuhesabiwa kwa kitambaa.

3. Kwamba njia hii inaua mazungumzo.

Mtu anayeshona kwa namba hawezi kuongea, maana akiongea ataruka namba. Mwaka jana tu, kiolezo kikikosea, mtu alikuwa anaita, "LaVonne, hebu njoo uone, hiki kimenipinda." LaVonne anakuja na kikombe chake. Marvyl anakuja kusema ni kosa langu. Orpha anakuja kwa sababu wengine wamekuja. Na watu wanne wakishasimama juu ya ukanda mmoja uliopinda hawawezi kuutazama tu wakanyamaza, lazima mtu aseme jambo. Ndivyo tulivyojua kwamba mpwa wa Orpha anaachana na mkewe. Ndivyo nilivyojua LaVonne anaogopa kuendesha gari giza likiingia. Na ndivyo wao walivyojua, majira yale ya baridi Harlan alipougua, kwamba nimeelemewa. Sikuwaambia. Nilisema tu ukanda huu umenishinda. Marvyl akautwaa mikononi mwangu, akaufumua wote, akaushona upya, halafu akasema bila kuinua macho, "Kesho nakuja kukaa naye, wewe ulale."

Mwaka huu hakuna kilichopinda. Tunakaa kila mmoja na karatasi yake kama watoto wa shule kwenye mtihani, cherehani zinalia, na mtu akikohoa anaomba radhi. Mume wa LaVonne amefanyiwa upasuaji wa goti na amepona kabisa, na sisi tumepata habari siku tulipomwona anatembea vizuri. Hatukuwa tumejua hata kwamba alikuwa anachechemea.

4. Kwamba blanketi limekwisha.

Blanketi letu huisha karibu na Pasaka. Miaka mingine huisha usiku wa kuamkia mnada, na mwaka mmoja liliuzwa likiwa bado na sindano ndani, tukapigiwa simu. La mwaka huu limekwisha Januari.

Tulipounganisha miraba ya mwisho tukalitandaza mezani. Ni la kijani na rangi ya maziwa, na miba ya mraba huu inaingiana na miba ya mraba ule mpaka macho hayajui yatue wapi. Ni zuri sana. Naandika hivyo kwa uchungu. Nilichukua kioo cha kukuzia nikalipitia mshono kwa mshono nikitafuta kosa, na kifumulio nilikuwa nacho mfukoni endapo ningelipata. Sikulipata. Marvyl akasema, "Basi." LaVonne akasema, "Haya basi." Orpha akasema, "Eh." Tukavaa makoti, tukasimama mlangoni kwa muda mrefu kama ilivyo kawaida yetu, tukizungumzia theluji, halafu kila mtu akaenda kwake.

Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu, nawe naomba unisikilize vizuri kwa sababu unaishi mjini na huenda hujui. Kwetu huku mtu haendi nyumbani kwa mtu bila sababu. Unakwenda kurudisha ngazi. Unakwenda kuuliza kama na kwao umeme umekatika. Kwenda kwa mtu ili umwone tu ni sawa na kutoka barabarani na nguo ya kulalia. Hakuna sheria inayokataza, lakini utamfanya kila mtu atazame pembeni. Blanketi ndilo lililokuwa sababu yetu. Lilikuwa sababu nzuri kwa kuwa lilikuwa gumu, na kwa kuwa lilikuwa gumu hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini anakuja kila Alhamisi na kukaa mpaka taa za barabarani zinawaka.

Nitalisema wazi kwa kuwa hunijui na hatutakutana dukani. Nina upweke, Mhariri. Tangu Harlan afariki, Alhamisi ndiyo siku niliyokuwa naisikia sauti yangu mwenyewe. Siku nyingine nazungumza na redio, nayo hainisikilizi. Chakula nakula nimesimama kwenye sinki, maana kumwandalia meza mtu mmoja ni kama kumfanyia sherehe asiyestahili. Siombi unihurumie. Naomba ujue kwamba neno "rahisi" lina gharama zake, na gharama hizo huku zimenifikia mimi.

5. Kwamba njia hii imenifanya niishi kwa hila.

Wiki ya kwanza bila Alhamisi nilikwenda kwa Marvyl kumrudishia bakuli lake la kuokea. Alilipokea mlangoni, akasema, "Asante wifi, hukuwa na haja ya kujisumbua." Nikasema si usumbufu. Akasema upepo mkali. Nikasema ni mkali kweli. Nikarudi nyumbani.

Wiki ya pili nilimpelekea bakuli ambalo si lake. Alilipokea pia, kwa sababu kulikataa kungezua maelezo. Lakini wifi yangu ni mtu mwaminifu, dhamiri ikamsuta, akaamua kulirudisha. Na kwa kuwa kwetu chombo hakirudishwi kitupu, akalijaza viazi na nyama ya kusaga, akaoka vizuri, akalileta kwa gari mpaka kwangu. Je, alibisha hodi? Hakubisha. Aliliweka kwenye ngazi, akalifunika kwa gazeti, akaondoka ili asinisumbue. Mimi nilikuwa ndani muda wote, nimekaa naangalia ukuta. Nilipolikuta lilikuwa limeganda, nikalibandua kwenye theluji kwa patasi ya Harlan. Nililirudisha likiwa na chapati zetu za viazi, sikumkuta, nikaliacha kwenye ngazi zake. Bakuli hilo sasa limetembelea nyumba zetu zaidi kuliko sisi wenyewe. LaVonne anasema ni lake na analitafuta tangu Krismasi.

6. Kwamba njia hii itaiangusha wilaya nzima.

Usidhani nakuza mambo. Mchungaji wetu, binti mwema Kjersti, aliposikia tumemaliza kushona alitupongeza kwa moyo wote, halafu akashusha joto la chini ya kanisa ili kubana matumizi. Joto likishushwa, mabomba yataganda. Yakiganda yatapasuka. Yakipasuka tutahamia kusali kwa Wakatoliki ng'ambo ya barabara, ambao kahawa yao ni nzuri kuliko yetu, na sitaki kukudanganya, hakuna atakayerudi. Hivyo ndivyo Ulutheri utakavyokwisha Vestby, baada ya kustahimili nzige, mafua makubwa na wachungaji wawili waliopiga gitaa.

Upande wa uchumi hali ni mbaya zaidi. Dwayne, mume wa LaVonne, ambaye goti lake nimeshalitaja, alizoea kuwa na nyumba peke yake kila Alhamisi. Huo ndio uliokuwa msingi wa ndoa yao. Sasa LaVonne anashinda ndani akimpangia soksi kwa rangi, na Dwayne amehamia kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa, kutwa kucha. Waume wengine wamemfuata. Kwa jinsi wanavyovua, majira ya joto yakija ziwa halitakuwa na samaki. Bila samaki wageni hawaji. Bila wageni duka litafungwa, na duka likifungwa shule itafuata, na itakapochorwa ramani mpya ya Minnesota, mahali pa Vestby patakuwa doa la kijani lisilo na jina. Watu watauliza mji ule uliangamizwa na nini. Itabidi mtu awaambie kwamba uliangamizwa na makala ya ukurasa wa katikati.

Baada ya kukueleza hayo, naomba mambo machache ambayo mtu muungwana hawezi kuyakataa. Naomba toleo lijalo lichape masahihisho, kwa herufi zilezile kubwa, yakisema kwamba njia ya karatasi imegunduliwa kuwa ngumu mno na watu waache mara moja. Kama dhamiri yako haikuruhusu, basi chapa upya mchoro wenyewe ukiwa umeruka namba mbili tatu hapo katikati, watu wapotee kidogo na kuitana. Naomba pia neno "rahisi" lipigwe marufuku katika jarida zima, na mahali pake pawekwe "huenda ikawezekana." Na kama kuna mraba wowote duniani ambao haujawahi kumalizwa na mtu yeyote, wenye mishono ya mviringo, vipande vidogo kama punje na maelezo yasiyoeleweka, tafadhali tutumie huo kabla theluji haijayeyuka. Tutaushona mpaka tufe, na tutakufa tukiwa pamoja.

Ikiwa yote hayo yamekushinda, mtume hapa mkaguzi wa jarida. Aje Alhamisi, tutamwonyesha blanketi, naye atangaze kwamba lina kasoro. Si lazima aitaje. Atikise kichwa tu na kuondoka. Tutalifumua lote kwa furaha, na chakula cha mchana tutampa.

Nisalimie wasaidizi wako wote, mpiga chapa, na yule anayebandika stempu, ambaye siku zote anazibandika zikiwa zimenyooka. Msalimie pia mwandishi wa herufi mbili. Sina kinyongo naye. Namtakia afya njema, maisha marefu, na cherehani inayokwama.

Nashukuru kwa muda wako, nami nabaki msomaji wako aliyekasirika lakini aliyelipia mwaka mzima,

Ardella Tollefsrud (Bi.)

Tanbihi. Nilikuwa nimeshaikunja barua hii na naitafuta bahasha niliposikia gari uwanjani. Alikuwa Marvyl. Nilimfungulia, akasimama mlangoni na koti lake, hana bakuli, hana mfuko, hana hata uzi. Nilichungulia nyuma yake nione sababu iliyomleta, sikuona kitu ila theluji. Nikamuuliza, "Kulikoni, wifi? Nani kafa?" Akasema hajafa mtu. Nikamuuliza kama umeme wao umekatika. Akasema upo. Nikamwambia, "Sasa?" Akatazama viatu vyake. Akasema, "Nimekuja tu."

Mhariri, tangu niolewe na kaka yake, mwanamke huyu hajawahi kuja tu. Sikujua la kufanya. Karibu nimpe nguo anyooshe. Mwishowe nikamvutia kiti, akakaa, na sasa ninavyoandika maneno haya yupo hapa mbele yangu mezani. Nimemkaribisha kahawa, akakataa. Nimemkaribisha tena, akakataa. Mtu wa kwetu akikataa mara mbili ujue anaitaka, ya tatu ndiyo hukubaliwa, kwa hiyo nimeshabandika birika.

Ameniuliza naandika nini. Nikamwambia nawaandikia watu wa jarida, mambo ya nanasi. Akasema, "Unawashukuru?" Nikasema ndiyo, kwa sababu sikuwa na jibu jingine karibu. Akasema, "Vizuri. Waambie na mimi nashukuru." Halafu akaiweka mikono yake mezani, ile aliyokuwa akiificha mfukoni au chini ya karatasi majira yote haya, na nikaiona. Vidole vimevimba kwenye maungio na havinyooki. Akasema, "Mkasi siuwezi tena, wifi. Tangu kiangazi. Violezo vya mama nisingeviweza hata kimoja. Nilikuwa nimeshaamua mwaka huu siji tena, niwaambie nina shughuli nyingine, halafu nikaiona ile makala."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningesemaje? Hakuna kilichopinda."

Kwa hiyo, Mhariri, malalamiko namba moja mpaka namba sita yafutwe yote, na maombi yangu uyachukulie kama hukuyaona. Mkaguzi msimtume. Tafadhali nitumie nakala nyingine ya toleo lile la vuli, maana ya kwangu niliichoma moto, na kama mwandishi wa herufi mbili ana njia nyingine rahisi, ya mraba wowote, hata iliyo rahisi kuliko hii, naomba aichape haraka. Marvyl amesema Alhamisi atakuja tena hapa. Nimemuuliza atakuja kufanya nini. Amesema kukaa. Birika linachemka, naomba niishie hapo.